Maksai wa Lyamba na Rais wa Marekani

Mvua za Desemba 1998 zilikuwa zimelainisha ardhi. Kijiji kizima kilikuwa shambani. Lyamba peke yake alikaa nyumbani, akilitazama jembe lake la kukokotwa na ng'ombe. Maksai wake walikuwa wawili. Sasa alibaki na mmoja, na mmoja hawezi kuvuta nira ya wawili.

Yule wa pili, Kidoti, alifungwa nyumbani kwa Makarius, mwenyekiti wa kijiji. Juma lililopita Kidoti alikata kamba, akaingia kwenye kitalu cha miche ya mpunga. Kitalu chenyewe kilikuwa cha Makarius. Makarius alimkamata, akasikiliza kesi, akatoa na hukumu: "Ng'ombe huyu hatoki hapa mpaka mavuno."

Lyamba hakubisha. Kwao Usukumani babu yake alimfundisha kwamba neno la mtemi halirudi. Akaona mwenyekiti ndiye mtemi wa hapa Mpimbwe alikohamia.

"Baba Kabula, mwakani tutakula nini?" mkewe Nyanzala aliuliza.

"Sijui. Mkubwa ameshasema."

Jioni ile redio ikatangaza kwamba Bunge la Marekani limemshitaki rais wao. Lyamba aliipiga redio kofi. Alidhani betri zimekwisha nguvu, redio inasema ovyo.

"Rais anashitakiwa? Na nani? Kuna mkubwa kuliko yeye?"

Kichwa kilimzunguka. Asubuhi alimfuata Mwalimu Pudensiana, aliyewafundisha watu wazima kusoma.

"Mwalimu, nyie mliosoma niambieni. Marekani wamepinduana?"

Mwalimu alicheka. "Hapana, Baba Kabula. Kule madaraka yamegawanywa. Bunge linatunga sheria. Rais anazitekeleza. Mahakama zinaamua kesi. Kila mmoja anamchunga mwenzake. Rais akituhumiwa, sehemu moja ya Bunge inamshitaki. Sehemu nyingine inasikiliza na kuamua. Yeye hajihukumu."

"Sasa mkubwa wa wote ni nani?"

"Sheria."

Lyamba alizidi kuchanganyikiwa. "Sheria haina hata fimbo, Mwalimu! Nani ataiogopa?"

"Hebu tuache Marekani. Kidoti alikula miche ya nani?"

"Ya mwenyekiti."

"Nani alimkamata?"

"Mwenyekiti."

"Na nani alihukumu?"

"Ni yeye yule," Lyamba alisema polepole.

"Hiyo ni kesi ya nyani, hakimu ngedere," Mwalimu alisema. "Hata kwetu mlalamikaji hawi hakimu. Nenda baraza la kata. Kesi kama hizi ni zao."

"Lakini Kidoti alikula kweli!"

"Useme hivyo hivyo."

Lyamba alikwenda. Kumshitaki mwenyekiti! Alisema yote, hata kamba ile ilivyokuwa mbovu. Makarius naye akasema yake. Wajumbe wa baraza, wanaume na wanawake, walikwenda mpaka kitaluni wakapima kwa hatua. Robo ya miche ilikuwa imeliwa.

Wakaamua: Lyamba atoe miche kutoka kitalu chake alichokiotesha mapema, kiasi kile kile kilicholiwa. Makarius amrudishe maksai siku hiyo hiyo.

Makarius alinuna. Lakini alimleta Kidoti mwenyewe, kamba mkononi, mbele za watu. Lyamba alitazama asiamini macho yake. Hakuna aliyemshikia mwenyekiti fimbo. Kesho yake akalima.

Mwezi wa tatu, mbuzi wa Makarius aliingia kwenye mahindi ya Lyamba, akayafyeka. Hasira zikampanda Lyamba. Alimkamata mbuzi, akamkokota mpaka nyumbani kwake, akatafuta kigingi.

"Mfunge!" Nyanzala alisema. "Na mwenyekiti aone uchungu."

Lyamba alisimama kidogo na kamba yake. Kisha akamkokota mbuzi mpaka kwa Makarius.

"Mwenyekiti, shika mbuzi wako. Amekula mahindi yangu. Tukutane baraza la kata."

Makarius alishangaa. "Mbona hukumfunga tu?"

"Nilitaka sana," Lyamba alisema. "Ndiyo maana sifai kuwa hakimu."