Wanaume Walionyolewa Kwa Siri

Siku amri ya kukaa ndani ili kuzuia ugonjwa wa mlipuko ilipotangazwa, wateja wa Kinyozi walitoweka wote. Alikaa dukani akijitazama kwenye kioo, na alichokiona hakikumfurahisha. Akafunga duka, akarudi nyumbani.

"Tukae ndani tule nini, kuta?" alimwuliza mkewe. "Amri hii wameitunga watu wenye majokofu yaliyojaa."

Unga ulibaki wa kukung'uta mfuko.

Basi Kinyozi akahamishia mashine chumbani. Wateja wakaingia kwa mlango wa jikoni, wakinyata kama wezi wa kuku. Dirisha lilifungwa ili mashine isisikike nje. Nyuma ya pazia alilala mama mkwe, mgonjwa wa pumu.

"Huyo mpunguze kisogoni," alisema mama mkwe, akichungulia. "Anafanana na jogoo aliyenyeshewa."

Juma halikuisha, jirani yao muuguzi akabisha hodi.

"Shemeji, vinyozi wote wamefunga. Mbona vichwa vya mtaa huu vinang'aa?"

Kinyozi akaficha kitana mfukoni. "Labda ni jua, shemeji."

"Jua nalo linachonga ndevu?"

Mama mkwe akaangua kicheko, mara kifua kikambana. Akahema kwa shida. Binti yake akamkimbizia dawa ya kuvuta. Hakuna aliyecheka tena.

Mgonjwa alipotulia, muuguzi akasema taratibu, "Mama akiambukizwa, tunaweza kumpoteza."

"Lakini kuna pazia!"

"Pilipili ikiungua jikoni, pazia linakuzuia kupiga chafya? Ugonjwa huu nao husafiri hewani, kwa pumzi. Chumba kikifungwa, ndiyo hatari zaidi."

Kinyozi akamtazama mkwewe. "Nimekuelewa. Lakini na njaa je?"

"Hapo una haki. Twende ukayaseme ofisi ya mtaa, si kwangu."

Wakaenda. Kinyozi alifoka, akatulizwa, akafoka tena. Mwishowe afisa akakubali: anyoe uani kwenye hewa ya wazi, mtu mmoja mmoja, wote wavae barakoa, vifaa vioshwe kila mara.

"Na ndevu?" Kinyozi aliuliza.

"Ndevu zisubiri," afisa alijibu.

Mama mkwe hakuambukizwa. Sasa kiti kiko uani, na wateja husubiri zamu nje ya geti, wakiwa wameachiana nafasi. Mvua ikinyesha, hakuna anayenyolewa.