Boksi Jipya, Breki Zile Zile

Nilikanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni.

Gari halikusimama!

Nikakanyaga tena... na tena... Utadhani nakanyaga mto wa kulalia.

Mbele yangu mteremko. Chini ya mteremko, foleni ya magari yanasubiri taa. Na pembeni yangu ameketi mama mkwe, kakumbatia mkoba wake, nampeleka kliniki ya macho.

"Mama, jishikilie!"

"Kuna nini tena?"

"Jishikilie tu, mama!"

Nikashusha gia, injini ikapiga yowe. Nikavuta breki ya mkono, gari likayumba. Kushoto kulikuwa na nyumba inajengwa, rundo la mchanga limemwagwa mpaka barabarani. Nikasema liwalo na liwe. Nikakata usukani.

Puuu!

Kisha kimya. Mchanga umefika kwenye kioo.

Mama mkwe akajipapasa mikono, akajipapasa magoti, akanigeukia.

"Mwanangu... si juzi tu mlisema mmeweka breki mpya?"

 Ni kweli, breki zilikuwa na siku nne! Boksi lake bado lilikuwa juu ya friji!

Sasa tulieni niwape mkanda wote, mumjue mwanaume niliyeolewa naye.

Mume wangu anauza mapazia. Ni kazi ya heshima, sina neno nayo. Lakini mtaani wanamwita Injinia, na yeye hajui kwamba wanamcheka. Bomba likivuja, yeye anajua. Mtoto wa jirani akikohoa, yeye anajua. Hata daktari akiongea, yeye humkatiza!

Wiki tatu kabla ya ajali gari lilianza kupiga mluzi kila nikikanyaga breki.

"Vumbi hilo," Injinia akasema. Hata hakuinua macho kwenye simu.

Wiki iliyofuata mluzi ukaisha, ukaja mkwaruzo. Chuma kwa chuma. Watoto wa chekechea ninaowafundisha wakawa wananisikia nikiwa bado kona ya pili, wanakimbilia getini.

"Vumbi hilo?" nikamuuliza.

"Wewe unakanyaga breki kwa woga. Gari linajua."

Gari linajua! Jamani...

Nikaona nisibishane na redio. Nikaenda gereji mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa na viti vya sofa na kahawa ya bure. Bosi wake kavaa shati jeupe pee, halina hata doa la grisi. Akalizunguka gari mara moja, akatikisa kichwa kama yuko msibani.

"Dada, mfumo mzima umekufa. Mbele, nyuma, kila kitu."

"Mbona hujafungua hata tairi moja?"

"Uzoefu, dada."

Akaniandikia bei ambayo ningeweza kununulia nusu ya gari lingine. Nikanywa kahawa yake, nikaondoka.

Ya pili ilikuwa banda la mabati. Fundi wake mzee, maneno yake ya kuhesabu. Akapiga jeki, akafungua matairi yote manne, akaniita nichungulie.

"Hizi za nyuma nzima, usiziguse. Hizi za mbele... ona. Pedi ya breki inatakiwa iwe nene kama kidole. Yako imebaki kama karatasi. Huku imeshaisha kabisa, chuma kinakula diski, hii sahani inayozunguka na tairi."

"Naweza kusubiri mwisho wa mwezi?"

Akanitazama.

"Una watoto?"

"Ninao wawili."

"Basi usisubiri."

Akaandika: pedi za mbele, mafuta ya breki, ufundi wake. Bei ilikuwa chini ya robo ya ile ya bwana kahawa. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikaweka karatasi zote mbili mezani.

Injinia akazisoma huku akicheka puani.

"Wamekuona mwanamke. Huyu kakuibia sana, huyu kakuibia kidogo. Nipe hela, nalipeleka kwa rafiki yangu. Yule ni fundi kweli!"

Nikampa, ileile bei ya mzee. Akaondoka na gari, akarudi kabla wali haujaiva. Mkononi ana boksi jipya la pedi, analipunga kama kombe.

"Mambo hayo!"

Kesho yake naendesha... mkwaruzo uleule.

"Breki mpya lazima zilie," akasema. "Zinazoeana na diski."

Na mimi, mtu mzima, mwalimu, nikameza! Masikio yangu yalisikia, mguu wangu ulihisi pedali inazidi kushuka kila asubuhi. Nikanyamaza kwa sababu nilichoka kuitwa mwoga. Dharau ninayompa yeye, kijiko kimoja cha hiyo ni changu.

Basi. Siku ya ajali gari likavutwa mpaka kwa yule mzee wa mabati. Akafungua tairi la mbele, akachungulia, akanigeukia.

"Mama, nani kakwambia umebadilisha hizi?"

Zilikuwa zilezile! Pedi imeisha mpaka pistoni, kile chuma kinachoisukuma, imesukumwa nje kupita kiasi, mafuta yote ya breki yamemwagikia tairini. Ndiyo maana nilikuwa nakanyaga hewa.

Nikachemka! Nikaenda moja kwa moja kwa yule fundi rafiki wa Injinia. Nikamkuta chini ya gari, nikamvuta kwa buti.

"Mwizi mkubwa wewe! Umetaka kuniua na mama mkwe wangu!"

Akatoka anajifuta mikono, macho yamemtoka.

"Shemeji, pole... Lakini gari lako mimi sijaligusa."

"Usinidanganye!"

"Haki ya Mungu! Jamaa alikuja hapa, akaniomba boksi tupu. Nikajua anataka kuwekea misumari."

Nikashika njia ya nyumbani.

Nyumbani nilimkuta Injinia sebuleni, mama yake amekaa mbele yake, mchanga bado kwenye nywele.

"Hela ziko wapi?" nikamuuliza.

Nilishajiandaa, ndugu zangu. Nilijua ni mchepuko. Au kamari.

Akaenda chumbani, akarudi na bahasha. Hela zote zimo. Haikupungua hata noti moja!

"Nilikuwa nasubiri mwezi uishe," akasema taratibu. "Halafu niitoe mbele ya watu wote, uone kwamba zile breki zilikuwa nzima. Ujue mafundi wanakudanganya..."

Yaani hakuiba. Bora angeiba! Mwizi anataka kitu. Huyu alituweka sote kwenye gari lisilo na breki ili aje ashinde ubishi mezani.

Mama mkwe, ambaye kwa miaka tisa sijawahi kumsikia akimkosoa mwanawe, akasimama.

"Leo ungenizika mimi na mkeo," akasema. "Pale kaburini ungewaambia nini watu? Kwamba zilikuwa nzima?"

"Mama, mimi nilipiga mahesabu..."

"Kaa chini."

Akakaa. Mama akachukua ile bahasha mkononi mwake, akanipa mimi.

"Mpelekee yule mzee. Na funguo za gari ziwe zako."

Hela hazikutosha. Diski nazo zilikuwa zimeshaliwa, ikabidi ziwekwe mpya. Hiyo tofauti imetoka kwenye mapazia ya Injinia, na siku hizi anakwenda kazini kwa miguu yake. Kuniomba lifti hajathubutu.

Na wewe unayesoma hapa, gari lako linapiga mluzi tangu juzi, pembeni yako kuna mtu anakwambia ni vumbi... Usimuulize yeye. Tafuta fundi atakayefungua tairi mbele ya macho yako, na ukiambiwa zimebadilishwa, chungulia mwenyewe.

Mimi niliokolewa na mchanga wa watu. Wewe hujui mbele yako kuna nini.