Foleni ya Mama Polepole

Ubao wa bei ulianza kupanda barabara ikiwa tupu. Mchana kweupe, jua linachoma lami, gari hata la dawa halipo, na zile namba nyekundu juu ya kibanda cha kulipia barabara zinapanda tu.

"Umeharibika," alisema msimamizi.

Mama Polepole, mkata tiketi, aliukazia macho. Tabia ya ubao ule aliijua: foleni ikirefuka bei hupanda, ikipungua hushuka. Ndiyo maana vibandani walikuwa na mchezo wao wa kuinenepesha foleni. Mara chenji imedondoka, mara risiti imekwama, mara dereva anaulizwa habari za nyumbani, huku nyuma magari yanabanana. Jioni msimamizi anawapa ya soda. Kwa mchezo huo hakuna aliyemfikia yeye. Jina lake hakuliokota.

Mpaka wiki iliyopita ilipokuja teksi moja, mwanamke kiti cha nyuma, uchungu umemkaba. Walipofika dirishani bei ilikuwa imesharuka.

"Mama yangu, nimepungukiwa kidogo tu," mumewe alilia.

"Bei sipangi mimi, baba. Geuza."

Wakageuza, wakashika barabara ya zamani, ile ya mashimo. Hospitali hawakufika hai, mwanamke wala mtoto.

Sasa honi zililia pasipo gari, na kibanda kikanuka damu ya uzazi.

Mganga aliletwa. Alifukiza ubani, akauzima mwenyewe, akafunga mkoba.

"Huyu hafukuziki. Yuko kwenye foleni, anangoja zamu yake."

"Zamu ya nini?" msimamizi alicheka.

"Muulize huyo dada wa dirishani."

Hakuulizwa. Kesho yake simu yake ikalia. Bintiye.

"Mama, uchungu umeanza! Tunapita hapo kwako."

"Msipite huku! Piteni ile..." Akaishia hapo. Njia nyingine ilikuwa ile ya mashimo.

Teksi ikatokea, peke yake barabara nzima. Akabonyeza kitufe, kizuizi hakikuinuka, akabonyeza tena, akatoka mbio akakishika kwa mikono miwili, akasukuma hadi mishipa ikamtoka shingoni, na nyuma ya teksi honi mia za magari yasiyokuwepo zikapiga kwa pamoja, harufu ya damu ikamjaa kooni, namba zikapanda, zikapanda, na bintiye ndani anapiga kioo, "Mama, fungua! Mama!"

Ndipo kutoka kibandani, alikotoka sasa hivi, alikoacha kiti kitupu, ikaja sauti yake mwenyewe, tamu, isiyo na haraka:

"Subiri kidogo, mwanangu. Natafuta chenji."