Fundi Aliyeogopa Kutazama Juu

Fundi rangi alipanda ngazi, akainua uso apake dari. Papo hapo chumba kikaanza kuzunguka. Akaikumbatia ngazi, kisha akashuka polepole.

Nyumbani hakuweza kuficha. Hata kitandani, akigeukia kulia, alishika godoro kwa mikono miwili.

"Hiyo ni presha," alisema shemeji yake. "Meza vidonge vyangu."

Akameza. Sasa kila akisimama, macho yaliingia giza.

"Baba watoto, basi!" mkewe akasema. "Ukianguka, nitabaki na nani? Twende hospitali."

Daktari, mama mmoja mcheshi, aliposikia habari za vidonge alimpima presha. Ilikuwa chini.

"Vidonge vya shemeji acha leo hii. Dawa ya mwenzio si dawa yako. Haya, chumba kikizunguka, huchukua muda gani?"

"Hata dakika haifiki."

"Unasikia vizuri?"

"Nasikia hata nikisengenywa."

"Huanza ukifanya nini?"

"Akigeuka kitandani," mkewe akadakia. "Na akitazama juu."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Kizunguzungu kina sababu nyingi. Wataalamu walikusanya majibu ya wagonjwa wengi ambao magonjwa yao yalikuwa yameshajulikana. Wakapiga hesabu za takwimu, waone majibu gani huandamana na ugonjwa gani. Wanaojibu kama wewe, wengi wao wana chembe ndogo zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Kama sikio lingevuma, na kizunguzungu kingedumu kwa saa nyingi, tungefikiria ugonjwa mwingine."

"Kwa hiyo hesabu zimeshajua ninachoumwa?"

"Zimenionyesha pa kuanzia. Kupima ndiko kutakakothibitisha."

Akamgeuza kichwa kulia, akamlaza haraka. Macho ya fundi yakachezacheza.

"Macho yakicheza hivyo, ndizo chembe zenyewe," alisema daktari. Akamgeuza kichwa polepole, hatua kwa hatua, ili chembe zirudi mahali pake. "Usipande ngazi mpaka nikupime tena. Na kizunguzungu kikija na ulimi mzito, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, msingoje. Kimbieni hospitali."

Wiki iliyofuata daktari alimlaza tena vilevile. Fundi alifumbua macho kwa woga. Dari ilikuwa imetulia tuli.

"Umepona. Kapande ngazi yako," alisema daktari.

Fundi akacheka kwa furaha. Mkewe akaangua kilio.

"Sasa unalia nini, na mimi nimepona?"

"Niache nilie," akasema mkewe. "Nilishajiona mjane."