Kibao cha Juu ya Mlango

Unga wa mbao ulikuwa ukidondoka sakafuni, laini kama poda, chini ya kibao ambacho hakuna aliyekuwa akikichonga. Mke wa fundi aliufagia asubuhi. Adhuhuri akaukuta tena.

"Mchwa," alisema mumewe bila kuinua uso.

"Mchwa gani anayenuka nywele zilizoungua?"

Mtaani walimwita fundi huyo Profesa, kwa sababu alisoma nusu ya kitabu kimoja, akakinukuu chote. Mikono yake iliijua mbao; mdomo wake ulijifanya unayajua mengine yaliyobaki duniani.

Kibao kile aliombwa jana yake na mama yake mzazi, ajuza wa chumba cha nyuma, asiye na mali nyingine ila sala yake ya kila alasiri, aliyoisali kwa sauti hadi majirani wakapunguza redio. Alitaka maneno machache tu juu ya mlango wake: Mungu ndiye mlinzi wa chumba hiki. Profesa akachonga, na jina la Mungu akalianza kwa herufi ndogo. Pembeni akachonga Kazi ya Profesa, kwa P yenye tumbo la tajiri.

"Mwanangu," mama alisema, "jina lako umelisimamisha, la Mungu umelikalisha chini."

"Mama, simba huandikwa kwa herufi ndogo, na bado anakula watu. Miungu ni wengi. Nimwinue yupi?"

"Huyo ninayemwomba."

Profesa akacheka, akakigonga kibao kwa mpini wa patasi kama mtu anayebisha hodi. "Haya, yeyote aliyemo humu na aitike! Akiitika, nitamkuzia herufi yake." Kisha akakitundika juu ya mlango.

Mpumbavu hubisha hodi nyumba asiyoijua, kisha hushangaa mlango ukifunguliwa.

Kesho yake alasiri, baada ya unga kufagiliwa mara ya pili, mama alifumbua kinywa ili asali. Pakatoka ko! ko! ko!, mlio wa patasi ikila mti.

Akajaribu tena, machozi yakimtiririka, na kila alipolikaribia lile jina koo lake lilitoa mlio wa patasi, na kibao juu ya mlango kikaitikia kwa mlio uleule, na unga ukamwagika kizingitini, na harufu ya nywele ikajaa chumba kizima hadi mkwewe akakimbilia dirisha alifungue, na hapo, mchana kweupe, jua likiwaka, akageuka akaona pumzi ikitia ukungu kwenye vanishi ya kibao, ikija, ikienda, ikija, kama ya mtu aliyesogeza uso karibu sana na kioo.

Alitoka mbio, akarudi na mganga, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa sokoni. Mganga akaunusa mlango, akakunja pua.

"Huyu si mkubwa," alinong'ona. "Ni jini ombaomba. Mkubwa wa kweli hahangaiki anaandikwaje. Huyu anatafuta cheo." Akamgeukia Profesa, aliyekuwa amefika kizingitini. "Kijana, ulimkaribisha kwa dhihaka. Shusha kibao tukichome. Kisha piga magoti, umwombe mama yako radhi."

"Si nirekebishe herufi tu, yaishe?"

"Usiiguse! Sasa hivi ameikalia yeye. Ukiikuza, utakuwa umemkuza nani?"

Wanawake wawili wakaenda jikoni kuwasha makaa.

Profesa akabaki na mama yake, aliyekuwa akimtazama kutoka kitandani, bubu. Kupiga magoti! Yeye, mbele ya mke, mbele ya mwanamke wa mfuko wa sokoni! Kurekebisha herufi ni kazi ya fundi. Kuomba radhi ni kazi ya mtu mzima. Akapanda kigoda, akashika patasi.

Mbao ilikatika kama sabuni. Herufi kubwa ikaimeza ndogo. Unga ukakoma, harufu ikakatika, na nyuma yake sauti ya mama ikafunguka, safi, ikisali.

"Elimu!" Profesa alipiga kelele kutoka juu ya kigoda. "Njooni mwone elimu!"

Mkewe alifika akilia kwa furaha. Kilio kikamkatikia mdomoni.

Mama alizoea kusali ameketi, uso dirishani, kwa kuwa magoti yake yalikataa kukunjika miaka mingi. Sasa alikuwa amepiga magoti sakafuni. Aliuelekea mlango. Aliinua mikono kwa kile kibao, akatabasamu kwa meno yote.

Mganga aliweka makaa chini. "Amepata cheo," akasema, akauchukua mfuko wake, akaenda zake.

Juu ya kichwa cha Profesa, ndani ya mbao, kitu kikashusha pumzi kwa raha, kama mtu aliyefika hatimaye kwenye kiti chake.

"Vizuri," kikasema. "Sasa shuka. Na wewe."

Profesa akashuka. Magoti yaliyokataa kukunjika mbele ya mama yake yakakunjika yenyewe.