Kebo ya Mviringo

Mashine ya kupimia hitilafu za magari ilikuwa imeibwa, na kufuli la gereji halikuwa na hata mkwaruzo. Mwenye gereji hakusubiri upelelezi: mwizi ni mlinzi, basi. Mkuu wa kituo cha polisi akamwitikia, mzee wa watu akatupwa mahabusu.

Inspekta aligoma. Alipoambiwa aandike mashtaka, alimjibu mkuu wake kwamba yeye hasaini uongo, akaondoka zake kwenda gereji.

Sakafuni aliikuta kebo ya kawaida, ya kichwa bapa, inayoingia karibu kila gari la siku hizi. Mwizi alikuwa ameichomoa kwenye mashine akaitupa. Ukutani, zilikotundikwa kebo nyingine, ilikosekana moja tu, ya kichwa cha mviringo, ya magari ya zamani.

Machale yakamcheza. Mwizi wa kuuza angeacha vipi kebo inayotakiwa na kila mtu? Huyu alitaka kupima gari, tena la zamani, na kwa kuwa kufuli halikuguswa, aliufikia ufunguo.

"Nani wa karibu yako ana gari la zamani?" alimuuliza mwenye gereji.

Mwenye gereji akajikuna shingo. "Dada yangu ana teksi. Lakini ile niliipima mwenyewe. Kompyuta yake imekufa."

"Uliipima kwa kebo ipi?"

Macho ya mwenye gereji yakaishia kwenye kebo bapa pale sakafuni. Inspekta akamwambia atangulie, waende kwa huyo dada.

Walimkuta uani, mashine iko juu ya kiti, wala hakuhangaika kuificha.

"Nimeiba, sikatai. Ufunguo niliutoa kwenye koti lake. Gari hili lina matundu mawili ya kuchomeka kebo: la chini ya usukani ni bubu, la mviringo huku kwenye injini ndilo linalosema. Anajua! Akachomeka kwenye bubu, akaniambia gari limekufa, nikae nyumbani. Kumbe ni sensa moja tu ya injini iliyoharibika, na nimeshaibadilisha."

"Watu wananicheka," kaka mtu alisema kwa hasira. "Dada yangu, kubeba walevi!"

"Walevi hao ndio wanaolisha wanangu."

Inspekta akamweleza dada kuhusu mlinzi aliyeko mahabusu. Uso ukamshuka, hilo hakulijua. Akafunga boneti, akaketi nyuma ya usukani, akawasha. Injini ikaitika.

"Pingu utanifunga kituoni," alisema. "Kwanza yule mzee atoke. Na naendesha mimi."

Inspekta akaketi kando yake, akafunga mkanda.