Hodi kwenye Gofu la Redio

Yaliyomkuta rafiki yangu Innocent huko milimani, juu ya Mlali, mwenyewe hapendi kuyasimulia.

Alikuwa amempeleka mchumba wake Neema, msichana wa mjini, akamwone bibi yake. Wakimsaidia bibi kuteremsha matenga ya karoti hadi barabarani, wakapita kwenye gofu la kituo cha redio cha wakati wa vita ya Mjerumani. Paa hakuna, nyaya zilishaibwa zote. Bibi akatua tenga lake, akaita mlangoni, "Hodi wenyewe, tunapita."

Neema akaangua kicheko. Innocent uso ukamshuka.

"Bibi, unanitia aibu. Humo hamna mtu."

Bibi akajitwika tenga, akatangulia peke yake mpaka barabarani.

Alasiri Innocent alirudi peke yake kufuata tenga lililobaki shambani. Ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Neno alilomwambia bibi lilikuwa limemkaa rohoni, maana bibi huyo ndiye aliyemlea. Pale gofuni akasikia mkwaruzo, kama redio inayotafuta stesheni. Halafu kicheko cha Neema. Halafu sauti yake mwenyewe: "Bibi, unanitia aibu. Humo hamna mtu."

Mkwaruzo ukakatika, kana kwamba anasubiriwa.

Innocent akainamisha kichwa. "Hodi," akanong'ona.

"Karibu," wakaitikia mle ndani, watu wengi kwa pamoja.